Nairobi au Kigali: darasa la biashara kutoka Mwanza liende wapi?

Kila mwaka wa masomo ukifika katikati, kamati yetu ya ziara za mafunzo hukaa kwenye ofisi ya mhasibu (ndiye mwenye feni inayozunguka) na kubishana jambo lile lile: safari hii twende Nairobi au Kigali? Ubishi huu ni wa Mwanza hasa. Chuo cha Arusha kinavuka Namanga bila kufikiri mara mbili, na cha Dar es Salaam kinaanza kwa kuulizia bei ya ndege. Sisi tuko katikati. Ukitokea Nyamhongolo alfajiri na kushika njia ya Musoma, usiku unalala Nairobi. Ukipita Nyegezi hadi Usagara na kuvuka ziwa kuelekea Geita, usiku unalala Kigali.

Nimeongoza safari moja kila upande. Ya Nairobi ilikuwa na wanachuo 31, ya Kigali 36. Naandika kwa mkufunzi mwenzangu aliyekabidhiwa kazi hii juzi na bado hajui barua ya kwanza aiandike kwa nani. Niseme mapema ninakoegemea: darasa kubwa linalotoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza lipelekwe Kigali, na darasa dogo lililokwisha kujua kuuliza lipelekwe Nairobi. Sababu zangu si za makampuni peke yake.

Njia na mpaka

Zamani Kigali ilikuwa na adhabu yake, kivuko cha Kigongo–Busisi. Ulifika mapema ukakuta foleni ya malori, na ratiba yako yote ikaanza siku ikiwa nyuma. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji unazipita kwa dakika chache, wanachuo wakipiga picha madirishani. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, Biharamulo, halafu Ngara na Rusumo. Upande wa pili ni Magu, Bunda, Tarime, Sirari, kisha Migori, Kisii na Narok. Mipaka yote miwili ni ya kituo kimoja, yaani unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo lile lile. Ucheleweshaji, kwa hiyo, hautokani tena na mpaka. Unatokana na mwanachuo aliyesahau hati yake kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Hati zenyewe ndizo za kuanza nazo, miezi 3 kabla. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekubaliana kuvuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa, nasi Watanzania hatumo katika makubaliano hayo. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Viza haidaiwi kwa Mtanzania upande wowote. Kisha kuna kadi mbili za njano, na naomba uzitenge akilini: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila abiria, nyingine ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa COMESA. Nilipomuuliza dereva wetu kama ana kadi ya njano akajibu anayo, mwaka juzi alichanjwa. Tulikuwa bado hatujaondoka, nashukuru.

Mambo mawili ya Rwanda huwashtua wageni. Ukimaliza Rusumo unahamia mkono wa kulia wa barabara. Dereva mzoefu hulizoea hilo kwa nusu saa, lakini mlango wa Kosta ya Tanzania uko kushoto, na huko kushoto ndiko katikati ya barabara. Kila kituo tulichosimama nilitangulia kushuka nikanyoosha mikono kama trafiki, wanachuo wakishuka nyuma yangu. Ukiweza, gari lako liishie kwenye maegesho ya nyumba ya wageni na ukodi la hapo Kigali kwa siku za ziara. Jambo la pili ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha zenyewe, saa za mkononi hazijirekebishi. Tulikuwa na miadi ya saa tatu asubuhi, nasi tukawa getini saa mbili kasoro, tumevaa tai, mlinzi akitutazama kwa huruma. Afadhali hivyo kuliko kuchelewa. Kenya haina tatizo hili, saa yao ni yetu.

Kwa vituo vya njiani Nairobi inashinda. Karibu na Kisii kuna Tabaka, ambako jiwe la sabuni linachimbwa na kuchongwa vinyago, bakuli na sahani za kuuzwa hadi ng'ambo. Ni utamaduni na biashara mahali pamoja: machimbo, mchongaji, mama anayesugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, dalali, na kreti ya kusafirisha. Mwambie kila mwanachuo amfuate mtu mmoja na kuuliza jiwe moja linapanda bei mara ngapi kabla halijaondoka kijijini. Zoezi hilo la saa mbili lilizaa ripoti nzuri kuliko ziara yetu ya siku nzima kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Upande wa Rusumo kuna maporomoko na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Unaonekana, unaelezwa, mnaendelea.

Makampuni

Nairobi ni jiji la ushindani. M-Pesa ilizinduliwa huko na Safaricom Machi 2007, na mwanachuo anayetuma pesa kwa simu kila siku anafaa kuelezwa mambo yalivyoanza: wakala anapata nini, fedha za wateja zinawekwa wapi, kwa nini benki zilinung'unika. Soko la hisa la Nairobi ni la 1954, na mnada wa kahawa unaendeshwa hapo hapo mjini. Limuru kuna kiwanda cha viatu cha Bata, ambacho kimewavisha wanafunzi wa ukanda huu vizazi na vizazi. Ukirudi kidogo bondeni uko Naivasha, penye mashamba ya maua, na hatua chache kutoka hapo Olkaria, ambako kampuni ya umeme ya KenGen inavuna umeme kutoka mvuke wa ardhini tangu 1981.

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu Kenya nzima kwa darasa la biashara, ningechagua Naivasha. Ua ni bidhaa inayokufa. Likikatwa leo asubuhi, lazima liwe limepozwa, limefungwa, limefika uwanja wa ndege na kupanda usiku, ili liuzwe Uholanzi likiwa bado bichi. Kila somo tunalofundisha ubaoni, ghala, usafirishaji, ubora, mkopo, fedha za kigeni, haki za wafanyakazi, maji ya ziwa yanayogombaniwa na wavuvi, limo ndani ya shina moja la waridi. Naivasha pia haiko mbali na njia ya mtu anayetokea Narok kupitia Mai Mahiu, na kulala huko ni nafuu kuliko Nairobi. Usiende tu kuelekea tarehe 14 Februari, hakuna mwenye muda na mgeni.

Ugumu wa Nairobi ni mlango. Makampuni yake makubwa yamezoea kuombwa ziara na kila chuo cha Afrika Mashariki. Yana fomu, yana kikomo cha watu, yana siku maalumu. Moja, ambayo sitaitaja, ilitujibu kwa adabu kubwa kwamba tunakaribishwa. Barua ilifika wiki 3 baada ya sisi kurudi Mwanza. Waliotufungulia mlango Nairobi walikuwa watu, si ofisi: mhitimu wetu mmoja aliyeajiriwa huko, na shemeji wa mkufunzi mwenzangu. Darasa la watu 31 liligawanywa mafungu mawili, fungu moja ndani, jingine nje likinunua mahindi ya kuchoma. Halafu kuna foleni. Tangu 2022 ipo ile barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na inasaidia kweli, lakini haifiki kila mahali. Panga kampuni mbili kwa siku, zote upande mmoja wa jiji. Ya tatu ni ndoto.

Kigali ni kinyume chake. Mji mdogo, barabara safi, miadi inaheshimiwa. Tuliandika barua 5, tukajibiwa 4, na tulitembelea sehemu 3 kwa siku bila kukimbizana. Kinachoonekana Kigali ni mkono wa serikali katika biashara, na hilo lenyewe ni somo. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, imeweka chini ya paa moja usajili wa kampuni, uwekezaji na utalii. Huduma za serikali zinaombwa kupitia tovuti ya Irembo, na mtu asiye na kompyuta anakwenda kwa wakala wa mtaani, kama sisi tunavyokwenda kwa wakala wa pesa. Huko Masoro, kwenye eneo maalumu la kiuchumi, Volkswagen ilianza kuunganisha magari mwaka 2018, na BioNTech ya Ujerumani imejenga kiwanda cha chanjo cha makontena. Inyange wanasindika maziwa, juisi na maji. Kwa mwanachuo anayetoka mkoa wenye ng'ombe wengi na maziwa ya pakiti machache, hapo maswali yanakuja yenyewe.

Hata hivyo darasa langu halikumbuki maziwa. Linakumbuka Muhanga, kama kilomita 50 hivi kutoka Kigali, ambako Zipline hurusha ndege zisizo na rubani tangu Oktoba 2016. Zilianza kwa kupeleka damu hospitalini. Ndege inafyatuliwa kutoka kwenye reli kama jiwe la manati, inadondosha boksi kwa mwavuli, inarudi na kunaswa mkia kwa kamba hewani. Vijana 36 walipiga kelele kwa pamoja. Kelele zikatulia, msichana mmoja wa Ukerewe akauliza swali bora la safari nzima: mbona na kwetu zilikuja? Alikuwa sahihi. Mwaka 2018 DHL na wenzake walijaribu kupeleka dawa kwa ndege ya namna hiyo kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60 kwa dakika 40. Lilikuwa jaribio, likaisha. Huku Muhanga mteja ni serikali yenyewe, kwa mkataba, mwaka hadi mwaka. Teknolojia karibu ni ile ile, tofauti ni nani anayelipa bili jaribio likishaisha. Kuanzia jioni hiyo sikuwa na haja ya kufundisha sura ya modeli za biashara.

Ila niwe mkweli: Kigali inang'arishwa kwa ajili ya mgeni. Anayekupokea amejiandaa, slaidi zake ni nzuri, na hutasikia habari ya kiwanda kilichofunga. Mwanachuo asiye na maswali yake mwenyewe atarudi na daftari lililojaa sifa. Dawa yangu ilikuwa kuwapeleka soko la Kimironko mchana ule ule, wakaulize wauza nyanya na washona nguo kuhusu kodi, ushuru na mtaji. Nairobi haihitaji dawa hiyo. Ukipita soko la Gikomba na mwenyeji wako, simu zikiwa ndani kabisa ya mfuko, mtu anakuonyesha belo la mitumba na kukwambia bila kuulizwa alivyopoteza pesa kwenye belo la wiki jana.

Lugha nayo ina uzito wake. Nairobi kila mtu anaelewa Kiswahili, kuanzia mlinzi hadi meneja, ingawa mada rasmi itasomwa kwa Kiingereza na utani utakuwa wa Sheng. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini kwenye kampuni tegemea Kiingereza, na sokoni Kinyarwanda. Kiswahili utakikuta Nyamirambo, mtaa wa Waislamu na wafanyabiashara wa siku nyingi, ambako wanachuo wangu walijisikia nyumbani hata wakazidisha sauti.

Utamaduni na historia

Nairobi ina Makumbusho ya Taifa, na ndani yake mifupa ya kijana wa Turkana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, iliyogunduliwa mwaka 1984 na timu ambayo jicho lake kali lilikuwa Mkenya Kamoya Kimeu. Ina Hifadhi ya Taifa ya mwaka 1946 yenye simba mbele na maghorofa nyuma, ingawa kwa vijana waliokulia karibu na Serengeti pundamilia si habari. Bomas ilikuwa chaguo la kila chuo kwa ngoma na nyumba za asili, lakini ujenzi wa ukumbi mkubwa wa mikutano ulianza hapo 2025, kwa hiyo piga simu kabla. Mahali padogo ambapo ningepaweka kwenye kila ratiba ni bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, katikati ya jiji. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa pale 1998, siku moja na ule wa Dar es Salaam. Wanachuo wetu hawakuwa wamezaliwa, na wengi walijua nusu yetu tu ya habari hiyo.

Kigali ina Gisozi, na hapa lazima nipunguze mwendo.

Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi, kilifunguliwa Aprili 2004. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Kuingia hakulipiwi, na kupiga picha ndani kunataka kibali. Watayarishe wanachuo, si kwa mhadhara mrefu, bali kwa kuwaeleza kinachokuja: mafuvu, nguo, na chumba cha watoto chenye picha kubwa, jina la mtoto na chakula alichokipenda. Waambie wanaweza kutoka nje wakati wowote bila kuomba ruhusa. Mmoja wetu alitoka chumba cha pili, akakaa bustanini hadi mwisho. Alikuwa wa Ngara. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa kama saa 24, na mama yake alikuwa binti mdogo anayeuza ndizi njiani walikopita. Alikuwa ameisikia habari hiyo maisha yake yote, kwa upande mmoja tu wa daraja.

Kosa langu katika ratiba: baada ya Gisozi niliweka ziara ya kampuni saa nane. Wanachuo walikaa mbele ya slaidi za mauzo, hakuna aliyeuliza chochote, na mwenyeji wetu, mtu mwungwana, alitutazama akaelewa, akafupisha. Baada ya Gisozi usiweke kitu. Waache walale, au wapande taratibu Nyamirambo wakanywe chai.

Siku nyingine kuna Nyumba ya Kandt, ya Mjerumani Richard Kandt aliyeanzisha Kigali kama kituo cha utawala mwaka 1907, enzi ambazo Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja. Nyanza kuna ikulu ya kale ya wafalme, nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa upya, na ng'ombe wa pembe ndefu wanaoimbiwa. Wasukuma katika kundi langu walikuwa na maoni mengi kuhusu ng'ombe hao, karibu yote ya wivu.

Pesa na kalenda

Sitataja bei, zitakuwa zimepanda kabla hujamaliza kusoma. Kwa uzoefu wetu malazi ya Kigali ni ghali kuliko ya Nairobi, lakini Nairobi inaila nafuu hiyo kwa mafuta ya gari na tiketi za maingilio. Beba vitambulisho vya chuo na vya uraia, kwa kuwa sehemu nyingi Kenya zina bei ya Waafrika Mashariki iliyo chini ya ile ya wageni wengine. Chakula Nairobi ni ugali na sukuma wiki, hakuna wa kulalamika. Kigali uliza melanji, bafe ya mchana ambayo unajaza sahani mara moja tu. Vijana wetu waliugeuza utaratibu huo kuwa somo la uhandisi.

Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, sisi 2019, lakini wa Rusumo ndio wanaopekua.

Rwanda ikwepe wiki inayoanza Aprili 7, ni maombolezo ya taifa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda, kazi za pamoja za asubuhi, maduka yamefungwa na barabara kimya. Usipange kusafiri asubuhi hiyo, panga kushiriki. Kwa Nairobi angalia mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai: mwaka 2024 na 2025 maandamano yalifunga katikati ya jiji siku kadhaa.

Kila mwaka mjumbe mmoja hutaja Kampala. Njia ya Mutukula ni nzuri, Jinja kuna chanzo cha Nile na viwanda, makaburi ya Kasubi yamejengwa upya baada ya moto wa 2010. Sina neno baya. Ila makampuni ya Uganda tuliyoyaandikia yalitutaka tuje tufike ndipo tuongee, na mimi siwezi kumpelekea mkuu wa chuo bajeti yenye mstari unaosema "tutaongea".

Mwaka huu kamati imepitisha Kigali kwa darasa la mwaka wa kwanza, watu 38, wiki ya mwisho ya Mei, wapate na Umuganda. Gisozi iko mchana wa siku ya pili, na baada yake ratiba ni nyeupe. Wa mwaka wa tatu, ambao ni 14 tu, wamekuja ofisini kulalamika kwamba wanataka Nairobi. Tumewapa karatasi zenye nembo ya chuo na muhuri, wakaandike barua za maombi wenyewe. Hadi jana walikuwa na majibu mawili, moja likitokea shamba la maua Naivasha.